Leso ya Kiunoni na Leso ya Mfukoni

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sanduku la mbao lililojaa leso, na kila alipojiandaa kwenda arusini au matangani alizipekua moja baada ya nyingine, akitafuta jina zaidi ya rangi. Jirani aliyemsengenya juzi angekutana naye uchochoroni amejifunga "Hasidi hana sababu", na ujumbe ungefika bila mtu kufungua kinywa. Kwa kuwa nimelelewa katika mji ambamo nguo husema, sijapata kukubaliana na wale wanaoyaona mavazi ya wanaume mashoga kuwa ni majivuno matupu au uigaji wa wanawake. Naamini kwamba, kwa sehemu kubwa, yalikuwa lugha ya watu ambao kusema kwa mdomo kungewafikisha jela. Neno shoga lenyewe nalitumia kwa heshima, maana huku Pwani mwanamke bado humwita hivyo rafiki yake wa kike anayempenda.

Mfano ulio wazi zaidi kwangu ni wa San Francisco. Mwaka 1863 mji huo wa Marekani ulipiga marufuku mtu kuonekana hadharani akiwa amevaa mavazi yasiyo ya jinsia yake, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1974. Katika miaka ya 1950, kwenye baa ya Black Cat katika mtaa wa Montgomery, alikuwapo mhudumu na mwimbaji aliyeitwa José Sarria, mwanajeshi wa zamani wa Vita Vikuu vya Pili, ambaye aliwaimbia wateja vichekesho vya opera akiwa juu ya viatu vya visigino virefu. Polisi waliwakamata wanaume waliovaa kike kwa hoja kwamba walikuwa na nia ya kudanganya, kwa hiyo Sarria akawagawia wenzake vibandiko vya karatasi vilivyotangaza kwamba aliyevivaa ni mvulana. Anayetembea na ukweli umeandikwa kifuani atashtakiwaje kwa udanganyifu? Kila nikifikiria vibandiko vile namkumbuka nyanya, kwa sababu hapo nguo imepewa jina, na jina linamkinga mwenye kuivaa. Mwaka 1961 Sarria aligombea udiwani wa mji huo bila kuficha kwamba alikuwa shoga, jambo ambalo hakuna Mmarekani aliyekuwa amelifanya kabla yake, na akapata kura zaidi ya 5,000.

Kilichofuata katika miaka ya 1970 ndicho kinachonigusa zaidi. Mtaa wa Castro, katika mji huohuo, ulikuwa makao ya wafanyakazi, wengi wao wa asili ya Ireland, ambao walianza kuhamia vitongojini ajira za viwandani na bandarini zilipopungua. Wanaume mashoga waliofika kutoka kila pembe ya nchi walipanga na kununua nyumba zile, kisha wakaanza kuvaa kama wale wafanyakazi walioondoka: jinzi za Levi's 501 zenye vifungo, mashati mazito ya mirabamiraba kama ya wakata magogo, buti za kazi, nywele fupi na masharubu manene. Hata jinzi zilikuwa na ufundi wake, kwa kuwa baadhi yao walizivaa zikiwa mpya, wakaketi nazo ndani ya maji ya uvuguvugu, na kuziacha zikaukie mwilini ili zishike umbo la mtu. Watu hawa walikuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba wao si wanaume kamili, nao wakajibu kwa kuchukua nguo za mwanaume ambaye hakuna aliyemtilia shaka.

Katika mfuko wa nyuma wa jinzi hizo ndimo ilimokaa leso. Rangi yake ilieleza mtu anatafuta nini katika mapenzi, na mfuko wa kulia au wa kushoto ulieleza nafasi anayoipendelea, ilhali mpita njia asiyejua aliona kitambaa cha kujifutia jasho tu. Inasimuliwa kwamba leso yetu nayo ilizaliwa kutokana na vitambaa vya mkono vya Wareno, ambao kwa lugha yao huviita lenço, baada ya wanawake wa Pwani kuvinunua na kushona sita pamoja. Siwezi kudai kwamba leso hizi mbili zina undugu zaidi ya jina, lakini kazi zimefanya moja, yaani kumfikia anayehusika na kumpita asiyehusika.

Hata hivyo, sare ile ilikuwa na ukali wake. Aliyekuwa na madaha ya kike, mzee, mnene, na mara nyingi Mweusi au mwenye asili ya Asia, alionekana hajatimia katika mtaa uliojisifu kwa uhuru, na hilo naliona kuwa kosa, tena kosa la watu waliojua vizuri uchungu wa kupimwa kwa macho. Harvey Milk, aliyefungua duka la kamera hapo Castro, alilazimika kuvaa kwa ajili ya macho mengine kabisa. Mwaka 1973 aligombea udiwani akiwa na nywele ndefu zilizofungwa nyuma, akashindwa. Aliporudi mwaka 1975 alikuwa amezikata na kuvaa suti. Alishinda mwaka 1977, na tarehe 27 Novemba 1978 akauawa kwa risasi.

Huku kwetu hali ni kinyume. Sheria tulizoachiwa na Waingereza, ambazo Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuzitangua tarehe 24 Mei 2019, zinaadhibu tendo la ngono baina ya wanaume wala hazitaji nguo, lakini barabarani kijana huhukumiwa kwa herini au kwa suruali iliyombana. Huo ni udhalimu, na pia ni ujinga wa kutojua nguo husemaje. Jina la leso huwa na maana kwa sababu mvaaji na msomaji wanaelewana; mtu akijipachika usomaji wa nguo ya mwenzake asiyemjua, amesoma chuki yake mwenyewe.

Kuanzia 1981 Ukimwi uliwaua wanaume wa Castro kwa maelfu. Katika maandamano ya mishumaa ya kumkumbuka Milk mwaka 1985, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba watu waandike kwenye karatasi majina ya marehemu wao, na karatasi hizo zilipobandikwa ukutani akaona zinafanana na blanketi la viraka. Tarehe 11 Oktoba 1987 blanketi lenyewe, la vipande 1,920, lilitandazwa Washington. Kila kipande kilikuwa na upana wa futi 3 na urefu wa futi 6, kiasi cha kaburi, na juu ya vingi vyake marafiki walikuwa wameshona nguo za marehemu, zile jinzi na yale mashati ya mirabamiraba. Vingine vilikuwa na jina la kwanza pekee, kwa sababu jamaa walikuwa wamekataa la ukoo lisomwe.