Tunaona kwa kisogo

Kauli inayonikera kuliko zote kuhusu watoto ni ile ya "mwache tu, akikua itaisha." Ana makengeza? Yataondoka yenyewe. Hageuki akiitwa? Ni utundu. Hajaongea na ana miaka miwili na nusu? Mbona hata baba yake alichelewa. Mara nyingi anayesema ni bibi aliyelea watoto saba wakakua salama salimini, sasa nani atambishia? Mimi nambishia, kwa heshima zote. Na sababu yangu haiko kwenye jicho wala sikio. Iko kwenye ubongo.

Tumezoea kuamini kwamba jicho ndilo linaloona. Jicho linapokea mwanga, basi. Nyuma yake kuna utando unaoitwa retina, wenye seli zaidi ya milioni 100 zinazohisi mwanga, lakini neva inayotoka humo kwenda ubongoni ina nyuzi kama milioni 1 tu. Kwa hiyo uchujaji umeanza hukohuko jichoni. Kinachosafirishwa si picha kama zile za simu. Ni taarifa: hapa giza limepakana na mwanga, pale kuna kitu kimesogea, rangi hii si ile. Njiani neva za macho mawili zinakutana na kugawana nyuzi, ili vilivyo upande wa kushoto viende ubongo wa kulia, na vya kulia viende kushoto. Zinapita kituo kilicho katikati ya ubongo, thalamasi, halafu safari inaishia kisogoni. Ndiyo, kisogoni. Sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho kwanza iko nyuma kabisa ya kichwa, na ikiumia vibaya mtu anaweza kuwa kipofu huku macho yake yakiwa mazima.

Sikio nalo ni hivyohivyo. Sauti inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu, vifupa vinasukuma majimaji ndani ya kimfereji kilichojisokota kiitwacho koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Za mwanzoni zinashika sauti nyembamba, za ndani kabisa zinashika nzito, na zikifa hazioti tena. Kuanzia hapo ubongo unapewa mapigo ya umeme tu. Ni juu yake kuamua kama ile ni honi ya bodaboda au ni mama anaita, na kwamba imetokea kushoto, kwa kuwa sikio la kushoto limeipata mapema kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kazi hiyo ya kuamua, mtoto hazaliwi akiwa ameshaiweza. Anajifunza, na anajifunza kwa kuletewa habari.

Walioonyesha jambo hili waziwazi ni David Hubel na Torsten Wiesel. Mwaka 1958, huko Baltimore nchini Marekani, walikuwa wameingiza waya mwembamba kwenye ubongo wa paka ili wasikilize seli moja moja, huku wakimwonyesha vidoti kwa vioo vya slaidi. Seli kimya. Wanabadilisha vioo, kimya. Mara seli ikaanza kutoa mapigo mfululizo, na walipochunguza wakakuta si kidoti kilichoiamsha bali kivuli cha ukingo wa kioo kilipokuwa kikiingizwa kwenye mashine. Seli ile ilitaka mstari, tena ulioinama kwa pembe maalumu. Nakipenda kisa hiki kwa sababu jibu lilikuja wakati wao wanahangaika na swali jingine kabisa.

Jaribio lililofuata si la kufurahisha kulisimulia. Waliwafunga vitoto vya paka jicho moja kwa wiki kadhaa tangu wakiwa wachanga, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini karibu hakuna seli za kisogoni zilizolijibu. Paka mkubwa akifungwa jicho kwa muda mrefu zaidi, hapati hasara hiyo. Na kibaya zaidi, seli zilizopaswa kuhudumia jicho lililofungwa hazikukaa tu: jicho la pili lilizichukua. Ni kama kiwanja ulichokiacha bila hata msingi. Ukirudi unakuta jirani ameshasogeza uzio. Kwa kazi yao yote juu ya kuona, wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Binadamu hatuhitaji kufungwa jicho ili yatukute hayo. Mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho, mwanga haupiti sawasawa. Akiwa na makengeza, ubongo unapata picha mbili zisizolingana na unaamua kuipuuza moja. Jicho moja likihitaji miwani mikali na jingine halihitaji, hilo dhaifu linaachwa nyuma, tena bila dalili yoyote usoni. Mtoto hatalalamika, maana kwake dunia imekuwa hivyo siku zote.

Makengeza hasa yananitia wasiwasi kwa sababu wapo wanaoyaona kuwa urembo. Nasema hivi: ukiwa na shaka, mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja wakati anacheza na kitu anachokipenda, kisha mfunike jingine. Akivumilia upande mmoja, na upande wa pili akilia, akiusukuma mkono wako, akizungusha kichwa kukukwepa, basi umelifunika lile analolitegemea. Huo si uchunguzi wa daktari, lakini unatosha kukupandisha daladala kwenda hospitali. Na mboni ikionekana nyeupe, au kwenye picha ya flashi jicho moja likatoka jekundu na jingine jeupe, usingoje hata wiki, kwani inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho.

Wiki zenyewe zina maana. Mtoto wa jicho mzito akiwa kwenye jicho moja tangu kuzaliwa, madaktari bingwa wanapenda kumfanyia upasuaji kabla hajapita wiki 6 hadi 8. Sasa hesabu na kadi ya kliniki: Tanzania mtoto anapelekwa chanjo akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Mama yupo, mtoto yupo, muuguzi yupo. Kumulika mboni mbili kwa kifaa cha kukagulia macho ni suala la dakika chache. Najua foleni za kliniki na najua muuguzi mmoja anabeba kazi za watatu, lakini kama tunaweza kumpima kila mtoto uzito kila mwezi, nashindwa kuelewa kwa nini kuangalia macho kubaki bahati ya kukutana na muuguzi mwenye jicho kali.

Je, ukichelewa ndiyo basi? Hapana, na hili lisemwe wazi ili mzazi wa mtoto wa miaka tisa asikate tamaa. Nchini India, mtafiti Pawan Sinha na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa hawaoni na kufanyiwa upasuaji wakiwa wakubwa. Katika matokeo ya mwaka 2011, watoto hao walipofunguliwa macho walishindwa kutambua kwa kuona kitu walichotoka kukipapasa mkononi. Ndani ya siku chache wengine wakaanza kuweza. Ubongo hauzimiki ghafla. Ila ukali wa kuona vitu vidogo kwa kawaida haurudi wote.

Kwa masikio, shabaha inayotumika kwenye nchi nyingi ni mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, ugonjwa uthibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Sisi wengi tunagundua mtoto akigoma kuongea, au mwalimu akishachoka kumchapa kwa "ukaidi." Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, hatua kubwa, maana kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India. Kifaa kile kinazipita seli zilizokufa na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye neva. Lakini ukikiweka kwa mtoto aliyekaa kimya miaka mingi, ubongo unapokea sauti usizojua uzifanyie nini.

Tena vifaa hivyo ni ghali na wengi hawatavipata. Ndiyo maana ushauri wa "msimfundishe lugha ya alama, atakuwa mvivu wa kuongea" naupinga vikali. Ubongo wa mtoto unahitaji lugha mapema, na lugha inaweza kuingilia machoni. Mtoto kiziwi anayeonyeshwa lugha ya alama tangu uchanga anapitia hatua zilezile za kujifunza, hadi kubwabwaja kwa vidole. Mzazi anayengoja zamu ya kifaa aanze alama sasa. Kifaa kikija, mtoto atakuwa tayari ana lugha ya kuulizia sauti hizo mpya ni za nini.