Sungura hahitaji urafiki wa paka, anahitaji wavu

Ile klipu imeshazunguka kila grupu: paka wa rangi ya chungwa amemkumbatia sungura mdogo, anamlamba masikio, kinanda kinalia taratibu, na watu wanamwaga mioyo myekundu. "Jamani upendo!" "Binadamu tujifunze!" Kabla jua halijazama mtu keshauliza sungura wanauzwa wapi, anataka kumtafutia pusi wake mwenzi.

Mwenzi! Hebu itazameni tena, safari hii bila sauti. Sungura amejibana sakafuni, masikio kayalaza mgongoni, macho yamemtoka, mwili umekaza kama jiwe. Sungura mwenye raha hujitupa ubavu na kunyoosha miguu ya nyuma. Huyu wa kwenye klipu ameganda kwa hofu. Na paka naye, mboni zimetanuka, ncha ya mkia inapiga kushoto na kulia. Hapo hakuna mapenzi, kuna hesabu.

Msinijibu kwamba paka wenu anakula vizuri. Kushiba hakumzuii paka kuwinda; akipitiwa na kitu kidogo kinachokimbia, mwili wake unajibu hata kama bakuli limejaa dagaa. Kwa hiyo habari za tabia yake, malezi yake na jina lake zuri tuziweke kando. Tuzungumze wavu, maana huko ndiko wanyama wanakofia.

Wavu wa kuku, ule wa matundu yenye pembe sita, umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia paka asiingie. Waya wake ni mwembamba na umesokotwa tu, na tundu la inchi moja linapitisha mkono wa paka mpaka kwenye kiwiko. Simbilisi na watoto wa sungura hupenda kulala wamejibanza kwenye wavu, kwa hiyo paka hana haja hata ya kuingia. Anachomoa kucha, anavuta. Nunua wavu wa matundu ya mraba ya nusu inchi, uliochomelewa kila waya unapokutana na mwenzake. Ndiyo, bei iko juu. Punguza ukubwa wa banda kidogo kama mfuko umebana, lakini usipunguze wavu.

Kisha namna ya kuufunga. Mafundi wengi hupigilia wavu upande wa ndani wa fremu kwa vipini vya stepla ili kwa nje mbao zionekane safi. Paka wa kilo nne akirukia wavu huo, anausukuma ndani kwa uzito wake wote, vipini vinachomoka kimoja kimoja, na siku ya tatu kona imefunguka. Upigilie kwa nje, ukae juu ya mbao za mbili kwa mbili, halafu ubane kingo zake kwa ubao mwembamba uliofungwa kwa skrubu kila inchi nne au tano. Mlango uwe na bawaba mbili na makomeo mawili, la juu na la chini. Komeo moja la katikati huacha kona ya chini ikipepea, na paka huanzia hapo hapo. Ile ndoano ya waya inayoingia kwenye kijipete ni mapambo. Paka anaipiga kwa mkono mpaka inaruka.

Paa liwe la ubao au bati, tena la mteremko. Paa la wavu paka hulifanya kitanda, na aliye chini anashinda mchana kutwa na tumbo la adui juu ya kichwa chake. Msijidanganye pia na miguu mirefu ya banda. Mita moja na nusu kwa paka ni kuruka tu, na banda jepesi lisilofungwa ukutani linaanguka naye.

Kwa ndege ni kinyume cha watu wanavyodhani. Hatari haiko mlangoni, iko kwenye vidole. Ndege hujishika kwenye wavu, vidole vinatokeza nje, na paka anaviuma. Weka tabaka mbili za wavu zilizoachana sentimita tano. (Na kama ndege mwenyewe ni kasuku wa kijivu, anza na karatasi za kibali kabla ya tundu: tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaobana biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.)

"Lakini paka wangu hamgusi, anamwangalia tu." Kumwangalia kunatosha. Sungura mwenye hofu haendi kula, na tumbo lake halikuumbwa kukaa tupu. Likisimama kwa nusu siku, gesi inajaa, na mnyama anaweza kufa bila mkwaruzo hata mmoja. Dalili yake unaiona kwenye trei: vinyesi vinakuwa vidogo, vikavu, halafu vinakoma. Basi ndani ya banda weka sanduku la mbao lenye milango miwili, maana la mlango mmoja ni mtego, na upande mmoja wa banda uzibe kwa ubao ili asionekane akitaka.

Akishaumwa, tafadhali sana, usisubiri. Jino la paka ni jembamba. Linaacha kitundu kinachoziba haraka na kufungia ndani bakteria wa mdomoni, hasa Pasteurella. Juu unaona nywele zimelowa tu, ndani usaha unapika. Ndege na simbilisi huweza kufa ndani ya siku moja mpaka tatu. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, subiri yapoe, osha kidonda. Mweke kwenye boksi lenye giza na joto, umfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na zile amoksilini zilizobaki kabatini baada ya mafua ya mtoto ziacheni huko huko. Sungura na simbilisi wakizimeza, zinaua bakteria wema wa utumbo, wale wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa dawa wakati kidonda kilikuwa kinatibika.

Dawa za viroboto nazo, kwa kifupi: ya matone yenye fipronili ni sumu kwa sungura, na ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Msigawane.

Haya, nakubali kwa shingo upande. Paka aliyezoeshwa akiwa na wiki mbili mpaka saba, na sungura mzima wa kilo tatu kwenda juu, wanaweza kuelewana. Tena mara nyingi sungura ndiye bwana mkubwa, anamfukuza pusi sebule nzima. Ila hata hao ni mtu awepo, na machweo yakikaribia kila mmoja aende kwake, kwa sababu jioni na alfajiri ndizo saa za paka kuwinda.

Na nyasi za sungura zifunikwe. Paka akiona lundo laini hujisaidia humo, na kinyesi chake kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, ambavyo huanza kuambukiza baada ya siku moja mpaka tano. Ndiyo maana trei ya paka inasafishwa kila siku, wala si Jumamosi mkifanya usafi. Mjamzito asiiguse kabisa kama yupo mwingine wa kuisafisha.