Mwangwi Usiingie Kwenye Treki

Nyimbo nyingi zinazorekodiwa hapa Kisumu huharibika kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza. Fundi anawasha mwangwi, ile efekti ya mashine inayofanya sauti ivume kama iko ukumbini, anauweka kwenye chaneli ambako maiki imechomekwa, kisha anabonyeza kitufe chekundu. Tangu hapo sauti na mwangwi wake vimeandikwa pamoja kwenye kadi, na kesho mwenye wimbo akitaka upunguzwe, hakuna pa kuupunguzia.

Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ndiyo inayoumia zaidi. Mpigaji mmoja hutoa sauti kadhaa kwa wakati mmoja: nyuzi nane, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa ala kwa kidole cha mguu. Juu ya hayo yote anaimba. Mfunike kwa mwangwi wa sekunde tatu uone: mlio wa chuma unalalia nyuzi, gara linageuka mvumo, na ile midundo ya haraka ambayo ndiyo roho ya nyatiti haisikiki tena. Nimesikia rekodi za wazee hodari zilizozikwa namna hiyo, na inaniuma kwa sababu baadhi yao hawawezi kuitwa tena studio.

Rekoda nyingi za dijitali zenye treki nyingi, yaani zinazoandika kila sauti kwenye mstari wake, hata baadhi ya zile ndogo za kubeba begani, hutoa njia mbili za kupitisha efekti. Ya kwanza ni inseti: sauti yote inapita ndani ya efekti na kutokea upande wa pili ikiwa imebadilika. Hapo ni mahali pa kompresa, inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, na ikwaliza, inayorekebisha besi na sauti nyembamba. Ya pili ni sendi: sauti kavu, isiyo na efekti, inaendelea na safari yake, na nakala yake kidogo inapelekwa pembeni kwenye mwangwi, kisha inarudi kuchanganywa. Mwangwi mahali pake ni huku. Ukiuweka huku, hakikisha efekti yenyewe inarudisha mwangwi mtupu, asilimia 100, maana sauti kavu tayari inakuja kwa njia yake.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wetu hawaipi uzito. Treki zote zikichangia mwangwi mmoja, nyatiti, orutu (fidla ya uzi mmoja) na waitikiaji husikika kama wamekaa chumba kimoja. Kila treki ikipewa mwangwi wake, huyu anasikika yuko kanisani na yule bafuni.

Najua jibu la mafundi: mwimbaji hawezi kuimba kwenye ukavu. Ni kweli, na wala si kudeka. Mzee akivaa hedifoni atakwambia, "Kijana, niongezee kidogo, sauti imekauka," na ukikataa ataanza kukaza koo. Mpe. Rekoda nyingi zinaruhusu mwangwi usikike masikioni tu bila kuandikwa. Kitu hicho kwa kawaida kiko kwenye menyu ya efekti, na kukitafuta ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliye tayari kufungua kitabu cha maelezo.

Kisha angalia sendi inachukua sauti wapi. Kwa kuchanganya, ichukue baada ya feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, ili ukishusha sauti mwangwi nao ushuke. Ikichukua kabla ya feda, utamshusha mwimbaji hadi chini na mwangwi wake utabaki ukizunguka peke yake. Kuna wakati hilo linapendeza, mwishoni mwa wimbo kwa mfano, lakini si katikati ya ubeti.

Kompresa nyepesi wakati wa kurekodi siipingi sana, ingawa ukirekodi kwa biti 24 na kuacha vilele, yaani sauti za juu kabisa, karibu na desibeli 12 chini ya kikomo ambacho sauti hupasuka ikikipita, huihitaji.

Kwa hiyo wewe mwenye wimbo, unayelipa kwa saa pale Kondele au Kakamega, kabla hujaondoka studio dai treki zako kavu, kila moja kwenye faili lake, na mwangwi kwenye faili la peke yake. Zikague kwa hedifoni ukiwa bado umekaa hapo.