Gari Litalala Wapi?

Jumamosi iliyopita nilimlipa dalali shilingi 20,000 ili anionyeshe nyumba huko Kijitonyama, Dar es Salaam, yenye vyumba viwili, sebule, jiko, luku ya kujitegemea na, kwa maneno yake mwenyewe, "paking ya kumwaga, bosi". Geti lilipofunguliwa nilikuta ua mdogo, tangi la maji kwenye kona, kamba ya nguo iliyolemewa na mashuka mabichi, na Noah moja iliyobanwa ukutani kiasi kwamba dereva wake lazima ashukie mlango wa abiria. Nilipouliza wapangaji ni wangapi, nikajibiwa kwamba wapo wanane, lakini wenye magari ni watano tu, na kwamba "huwa mnapangana wenyewe kwa wenyewe".

Kauli hiyo ndiyo iliyonikera, kwa sababu kupangana nakufahamu. Nimekuishi kwa miaka miwili huko Tabata, ambako aliyerudi wa mwisho usiku ndiye aliyeziba geti, na aliyeziba geti ndiye aliyegongewa dirisha saa kumi na moja alfajiri na jirani aliyetaka kuiwahi foleni ya Buguruni. Tulipochoka kuamshana tulianza kumwachia mlinzi funguo, na asubuhi moja niliikuta IST yangu imesogezwa vizuri kabisa, ikiwa na mchubuko mrefu wa rangi ya nguzo ya geti kwenye bampa la nyuma, na hakuna aliyeona wala kusikia kitu. Nilipompigia mwenye nyumba alinijibu kwa upole uliozidi kuniudhi: "Mwanangu, mimi nilikupangisha nyumba, sikulipangishia gari."

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Ikiwa hukulipangishia gari, kwa nini kodi ya nyumba yenye geti inapaa hivyo, na kwa nini dalali wako anaitaja paking kabla hajataja hata choo? Mkataba wangu wa Tabata ulikuwa na kifungu cha kupigilia misumari ukutani, kifungu cha kufuga kuku, na kifungu cha mgeni anayelala zaidi ya siku tatu, lakini neno gari halikuwamo hata mara moja. Mpangaji anayelipa miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja juu yake kwa ajili ya dalali, anastahili kuandikiwa kwamba nafasi yake ni ile ya pembeni ya tangi, ichorwe mstari na kupewa namba kama luku yake ilivyo na namba. Gari dogo kama IST halifiki hata mita 4 kwa urefu; sidai uwanja wa mpira.

Nitaambiwa nililaze nje. Nimeshalilaza, nikapoteza vioo vyote viwili vya pembeni ndani ya mwezi mmoja, ingawa namba ya gari ilikuwa imechongwa juu yake, na fundi aliyeniuzia vingine aliniuliza, bila hata kutabasamu, kama nilitaka vyenye namba au visivyo na namba. Nitaambiwa pia nipande mwendokasi. Anayesema hivyo hajamchukua mama yake mgonjwa saa nane za usiku.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba viwanja vingi vya mitaa hii vilipimwa wakati gari lilikuwa la watu wachache, na kwamba hakuna mwenye nyumba awezaye kukivuta kiwanja kirefuke. Hata hivyo, kujumlisha anajua, maana kodi hajawahi kuikosea hata shilingi moja. Kama ua unameza magari matatu, basi atangaze nyumba tatu zenye paking na tano zisizo nayo, azipunguzie bei hizo tano, na asiye na gari azichukue kwa furaha badala ya kulipia ua anaouanikia nguo tu.

Jana jioni dalali alinipigia tena. Alisema amepata nyingine Sinza, ambayo hata Fuso inaingia na kugeuza. Nikamuuliza wapangaji ni wangapi. Akakohoa kidogo, kisha akasema, "Bosi, hayo tutayaongea ukifika," na kunikumbusha nisisahau 20,000 ya kuonyeshwa.