Jina likikataa kwenye mfumo, msikimbilie kumfukuza mtu

Hili suala la majina ya wafanyakazi kutolingana kati ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na vyeti, mwajiri anapowahakiki, linaniuma sana, hasa kwetu Kigoma, maana kwingine mtu anaambiwa tu nenda karekebishe ila huku herufi moja ikiruka tayari we Mrundi, unaanza kuulizwa babu yako kazikwa wapi. Majina ya Waha na ya ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka yanafanana, kila mtu anajua, na jina lenyewe limeshapita mikono mingi, padri kaandika lake kwenye ubatizo, mwalimu kaandika alivyosikia, karani naye kaweka l penye r. Sasa mfanyakazi kakosa nini hapo?

Watu wa HR, kabla hujamwita mtu ofisini hebu angalia kwanza ulivyoandika wewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, ukikosea moja tu mtu haonekani, halafu lawama unamtupia yeye. Kama tofauti ipo kweli mpe barua, uandike nini hakilingani na wapi, maana kumwambia mtu "una shida NIDA" hakumsaidii kitu, hajui aende RITA kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa au atafute hati ya kubadili jina.

Na wakati anahangaika aendelee na kazi jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki ndo umwachishe mtu, na mfumo kukataa jina bado haujathibitisha chochote. Hata Marekani wanaotumia E-Verify, mfumo wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi nchini, mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu wakati huyo mtu anapinga majibu ya mfumo, mfanyakazi anapewa siku 8 za kazi za serikali aanze kufuatilia.

Najua wanaoghushi wapo, 2017 tuliona orodha ya watumishi 9,932 wa vyeti feki. Ila kughushi ni kitu kingine na karani kukosea ni kitu kingine kabisa, msiwachanganye.

Tena mpeni ruhusa bila kumkata mshahara, maana kutoka kijijini Kakonko au Buhigwe mpaka ofisi ya wilaya, upange foleni, uambiwe mtandao uko chini urudi kesho, hiyo sio kazi ya kutoroka saa ya chai.