Aliyemnyamazisha hakuwa refa

Jumamosi moja ya baridi kali nilikwenda kutazama mpira wa kikapu wa wanawake kwenye chuo kimoja hapa Marekani. Wageni walikuwa na binti mmoja mwenye asili ya Asia, mfupi, mwepesi kama kishada. Alipopewa mitupo huru, jamaa aliyeketi mbele yangu, kofia ya chuo kichwani na bisi mapajani, akavuta pembe za macho yake kwa vidole na kuanza kubwabwaja akiiga Kichina. Wenzake wakacheka. Mimi nikainamia simu yangu.

Aliyeinuka ni mama mmoja wa makamo, kavaa fulana ya chuo kilekile. Akashuka ngazi mbili tatu, akamgusa jamaa begani: “Acha. Unatuaibisha sisi.” Basi. Jamaa akashusha mikono na kula bisi zake kimya mpaka mwisho.

Hilo “sisi” ndilo lililonikaa kichwani, kwa sababu vyuo vya huku ni mafundi wa matamko. Machi 16, 2021, mtu mmoja alipoua watu 8 kwenye saluni za masaji za Atlanta na vitongoji vyake, 6 kati yao wanawake wenye asili ya Asia, matamko ya kulaani yalimiminika. Sina ugomvi na tamko. Ila tamko haliketi jukwaani Jumamosi usiku, nyuma ya mtu mwenye bisi.

Mtazame Jeremy Lin, mchezaji wa kikapu, mtoto wa wahamiaji kutoka Taiwan, aliyechezea Harvard hadi 2010. Huko kwenye viwanja vya wasomi alikuwa akitajiwa majina ya vyakula vya Kichina na kuambiwa afumbue macho. Februari 2012 akiwa New York Knicks, timu ya ligi ya kulipwa ya NBA, aliwatupia Los Angeles Lakers pointi 38, jiji likapagawa naye. Wiki moja baadaye tovuti ya ESPN, shirika kubwa la habari za michezo, ikatoa kichwa cha habari chenye tusi la kuwadharau Wachina, mhariri akafukuzwa kazi. Mwaka 2021 akasimulia kwamba uwanjani aliwahi kuitwa “virusi vya korona”. Akakataa kumtaja aliyesema, na mimi namwelewa. Kwa nini mzigo wa kusema umwangukie aliyetukanwa? Aliyetukana naye alikuwa na wenzake.

Kabla yake alikuwepo Wat Misaka, ambaye hatajwi sana. Mwaka 1944 alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani akiwa na Chuo Kikuu cha Utah, wakati watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kama yeye walikuwa wamefungiwa makambini kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, kambi moja ikiwa Topaz, humohumo Utah. Akaenda jeshini, akarudi, na mwaka 1947 timu yake ikaifunga Kentucky kwenye fainali ya NIT, mashindano mengine makubwa ya vyuo, pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kazi yake usiku ule ilikuwa kumkaba nyota wao Ralph Beard, na Beard aliondoka na pointi 1. Moja! Knicks wakamsajili mwaka uleule Jackie Robinson, mweusi aliyevunja mwiko wa rangi, alipoingia kwenye ligi kuu ya besiboli. Robinson anajulikana hadi kwa watoto. Misaka alichezeshwa mechi 3, akaachwa, akarudi kwao akawa mhandisi.

Nasi tuliotoka nyumbani tusijitoe. Utotoni kwangu Kariakoo, yeyote mwenye macho membamba alikuwa Mchina, awe Mkorea, awe Mjapani, na tulimfuata barabarani tukimpigia “ching chong” mpaka achoke. Tuliuita utani. Nilikuwa kinara. Halafu mimi huyohuyo, nikisikia mashabiki wa Ulaya wakimlilia mchezaji mweusi milio ya nyani, usingizi hauji. Ndiyo maana siku ile simu yangu ilinoga ghafla: kile kichekesho nilikijua kwa ndani.

Mechi ilipokwisha nilimfuata yule mama mlangoni. Huku hakuna shikamoo, vinginevyo ningempa. Nikamwambia amefanya jambo la maana sana. Akanitazama kidogo huku akifunga zipu ya koti lake.

“Wewe ulikuwa karibu naye kuliko mimi,” akasema, akatoka nje kwenye theluji.