Msimamizi akitoka nje

Nchini Ufaransa, mwanafunzi wa uzamivu haandikishwi mwaka wa pili kabla ya kukutana na kamati ya ufuatiliaji, na kikao hicho hurudiwa kila mwaka hadi amalize. Kanuni ya 2016, iliyorekebishwa Agosti 2022, imekigawa mara tatu. Kwanza mwanafunzi anaeleza kazi yake ilipofikia. Halafu anabaki na kamati, msimamizi hayupo. Mwisho zamu ya msimamizi, mwanafunzi akiwa nje. Wajumbe hawashiriki kuisimamia tasnifu hiyo, na mmoja hutoka nje ya fani husika.

Kwangu, uzito wote uko kwenye hatua ya pili. Ripoti za maendeleo hata sisi tunazo: mwanafunzi anajaza, msimamizi anatia saini, faili linarudi kabatini. Nani ataandika kwamba sura yake ina miezi minane haijasomwa, wakati fomu yenyewe inapitia mikononi mwa yule aliyeikalia?

Marekani, mwenyekiti wa kamati ya tasnifu kwa kawaida ndiye msimamizi. Faida yake si ndogo: wajumbe wanaijua kazi tangu andiko la utafiti, kwa hiyo siku ya utetezi hazuki mtu na swali lililopaswa kuulizwa miaka mitatu nyuma. Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mmoja anadai takwimu, mwingine mahojiano, na mwanafunzi anaiandika sura moja mara tatu. Tena ni vigumu kumbana mwanafunzi wa mwenzako ilhali kesho wako ndiye atakayesimama mbele yake.

Wanaosema kamati ni mzigo wana hoja nzito zaidi huku Afrika Mashariki. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya inataka mhadhiri asisimamie zaidi ya wanafunzi 3 wa uzamivu. Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilipotunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, watu waliuliza mara moja: wamesimamiwa na nani? Ikiwa wasimamizi wenyewe hawatoshi, wajumbe watatoka wapi? Watakuwa wale wale, wakisoma ikisiri koridoni dakika tano kabla ya kikao.

Ila hatua ya pili haihitaji bingwa. Watu wawili, nusu saa, na mlango unaofungwa. Mhandisi hahitaji kuijua isimu ili agundue kwamba mwanafunzi hajaonana na msimamizi wake tangu Ramadhani.

Tundu lipo hata Ufaransa. Ripoti ya kikao huenda kwa mkuu wa shule ya uzamivu, kwa mwanafunzi, na kwa msimamizi pia. Kanuni inaitaka kamati iiarifu shule panapotokea shida, na nadhani taarifa hiyo ndiyo yenye meno. Kwenye ripoti, mwanafunzi mwerevu atahakikisha hamna kitu.